Vyombo vingi, jiko dogo: Kichanja kikae wapi?

Busega. Jikoni mwa kaya nyingi za Kalemela, kata iliyo katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, hakuna kabati. Kuna mafiga au jiko la mkaa, kuni zilizolazwa ukutani, ndoo mbili za maji, debe la unga na kona moja ambamo sufuria, sahani na mabeseni hupandana hadi karibu na dirisha. Katika kona hiyo ndimo bakuli la uji la mtoto wa miezi minane linamolala usiku, likiwa bado na majimaji, juu ya sahani iliyoliwa dagaa mchana.

Tatizo linaanzia hapo. Sahani iliyooshwa vizuri saa nane mchana inaweza kuwa chafu tena kabla ya chakula cha jioni bila mtu yeyote kuilia, kwa sababu tu ilikosa mahali pa kukaukia. Vimelea wengi wanaoleta kuhara wanahitaji unyevu ili waishi na kuongezeka. Chombo kilichopangwa kikiwa na maji, kikabanwa juu ya kingine na kuachwa sakafuni, kinawapa unyevu, giza na joto kwa pamoja. Nzi na panya humalizia kazi.

Kaya za Simiyu si ndogo. Sensa ya 2012, mwaka ambao mkoa huo ulianzishwa, ilizikuta na wastani wa karibu watu 7, idadi iliyo juu sana ya wastani wa nchi. Watu saba wakila mara tatu kwa siku, hata kama watoto wanachangia sahani moja, ni vyombo visivyopungua 30 vya kuoshwa kabla ya kulala, ukihesabu vikombe, vijiko, miiko na sufuria. Hakuna jiko la hatua tatu kwa nne linaloweza kuvibeba vyote na bado likabaki na nafasi ya mtu kusonga ugali.

Jibu la siku nyingi ni kichanja: nguzo nne, fito juu yake, uani, kwenye jua. Kila mzazi aliyesoma shule ya msingi Tanzania amewahi kukichora kwenye daftari. Kazi ni kukiweka mahali ambapo kitatumika kila siku, kwa sababu vichanja vilivyosimama bila chombo hata kimoja juu yake si vichache.

Mashine nayo ni kichanja

Wasomaji wa mjini wanaopanga kununua mashine ya kuoshea vyombo wanasumbuliwa na swali hilohilo, ila wao wanalipima kwa sentimita. Mashine ya kawaida ina upana wa sentimita 60 na kimo cha karibu 85. Nyembamba ina 45. Ipo pia ndogo ya kuwekwa juu ya meza, yenye upana wa karibu 55, ambayo hula nafasi yote ya kukatia mboga. Yoyote utakayochagua inataka bomba lenye msukumo wa maji, njia ya maji machafu na soketi ya umeme, na ndiyo maana mafundi huipeleka jirani na sinki. Jirani na sinki, mara nyingi, ndipo kabati pekee la maana lilipo. Ukiling'oa ili mashine iingie, vilivyokuwemo vinakwenda wapi?

Historia ya mashine hiyo ina la kumfundisha hata asiye na umeme. Mwaka 1886, Mmarekani Josephine Cochrane wa mji wa Shelbyville, jimbo la Illinois, alipata hataza ya mashine yake, na mwaka 1893 ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago. Alianza kwa kupima sahani, vikombe na visosa vyake, kisha akapinda waya hadi kila chombo kikapata nafasi yake. Maji yalirushwa juu ya waya huo. Kwa maneno mengine, moyo wa mashine ni kichanja kilichofungiwa ndani ya boksi. Maji ya moto, sabuni kali na hewa ya kukausha ni nyongeza.

Sifa moja ya mashine za sasa inawashangaza wengi: hutumia maji kidogo, kwa kawaida kati ya lita 10 na 15 kwa mzunguko mmoja, yaani chini ya ndoo moja kubwa. Lakini mwenye jiko dogo la Kitanzania ajue jambo moja kabla hajatoa fedha. Sufuria ya alumini ikioshwa humo hupoteza rangi na kuwa nyeusi, mwiko wa mti hupasuka, kibuyu hakiingii, na sufuria moja ya ugali wa watu saba hujaza trei nzima. Nusu ya vyombo vyetu vitaendelea kuoshwa kwa mkono, mashine iwepo isiwepo.

Mahali pake

Turudi uani. Kichanja kinachofaa kaya ya watu sita au saba hakihitaji kuzidi mita moja na nusu kwa urefu na sentimita 70 kwa upana, kwa sababu kikizidi hapo mkono haufiki upande wa pili na kona hiyo itageuka makao ya vumbi. Kimo kiwe cha kiuno cha mtu mzima. Kikiwa kifupi, mbwa na mbuzi wanalamba. Kikiwa kirefu mno, binti wa miaka kumi anayetumwa kuosha atavipanga ukingoni tu, na glasi zitaanguka.

Kikae hatua chache kutoka mlango wa jiko. Hili linapuuzwa kuliko yote. Kichanja kilicho mwisho wa uwanja, hata kikijengwa vizuri namna gani, hutumika wiki mbili kisha vyombo hurudi sakafuni, kwa sababu hakuna mama mwenye mtoto mgongoni atakayefanya safari sita kwenda na kurudi huku ugali unaungua. Kipate jua tangu asubuhi. Kiwe mbali na choo, zizi na njia ya ng'ombe, maana vumbi la kiangazi la Usukumani lina samadi ndani yake.

Fito ziachane kwa upana wa kidole kimoja au viwili, maji yashuke na kikombe kisipenye. Vyombo vifudikizwe, kila kimoja peke yake. Chini ya kichanja pachimbwe shimo fupi lijazwe kokoto, au maji yaelekezwe kwenye mgomba au tuta la mboga. Bila hivyo panakuwa na dimbwi, bata wanahamia, na watoto wadogo wanaotambaa wanachezea tope hilohilo.

Kuhusu miti, fito za mkaratasi zinafaa. Mabua ya pamba, yaliyo tele baada ya mavuno, hayana nguvu ya kubeba sufuria. Minyaa iachwe kwenye ua: utomvu wake mweupe unaunguza macho na ngozi, na nguzo yake ikichimbiwa ardhini huchipua upya.

Kuku ndio wapinzani wakubwa. Wanaruka kimo cha kiuno bila shida, na kinyesi chao hubeba bakteria wanaoharisha watoto. Wapo wanaofunika vyombo kwa kitenge chepesi kilichofuliwa, na hilo linatosha, mradi hewa ipite. Chandarua chakavu chenye dawa kisitumike kufunikia vyombo vya chakula, hata kama matundu yake yanaonekana kufaa. Kimewekewa dawa ya kuua wadudu, na hakikukusudiwa kugusana na bakuli la mtoto.

Jioni kila kitu kiingie ndani. Usiku kichanja ni cha panya na popo, na umande unarudisha unyevu ambao jua liliuondoa. Ndani, pasipo kabati, ukuta ndio unaobeba mzigo. Ubao mmoja uliopigiliwa juu ya kimo cha kichwa hukaa sahani zote zilizokauka. Misumari mitano hubeba vikombe na sufuria zenye mikono. Nyumba za udongo zina nafasi nyingine nzuri, shubaka linalochimbwa ukutani wakati wa kujenga, ambalo halichukui hata inchi moja ya sakafu. Mtu anayejenga jiko mwaka huu amwambie fundi mapema.

Maji yanatoka wapi

Wilaya ya Busega inapakana na Ziwa Victoria, na kwa kaya zilizo karibu na maji, njia rahisi ya kumaliza vyombo vingi imekuwa kuvipeleka ziwani. Beseni kichwani, sabuni mkononi, watoto nyuma. Maji ni mengi, mchanga wa kusugulia ukoko upo hapohapo, na jiko dogo linapumua.

Gharama yake ni kichocho. Mabuu ya ugonjwa huo hutoka kwenye konokono wa maji matamu na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na hawahitaji muda mrefu kufanya hivyo. Mama anayeosha vyombo nusu saa maji yakiwa magotini, na mtoto anayeoga pembeni akimsubiri, wote wawili wako kwenye hatari hiyo. Kichocho cha tumbo kinaweza kukaa miaka bila dalili kubwa huku kikiharibu ini. Dawa yake, praziquantel, ipo na hugawiwa kwa wanafunzi katika kampeni za shuleni, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi kusimama majini kesho.

Maji ya ziwa yakiletwa nyumbani na kuhifadhiwa kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku mbili, mabuu hao hufa. Hilo ni la kichocho tu. Vimelea wa kuhara hawafi kwa kusubiri, hivyo maji ya kusuuzia vyombo vya mtoto yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Mkoa umekuwa kwenye mradi mkubwa wa kusambaza maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zake, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha kuuchangia mwaka 2017. Kwa kaya ambayo bomba halijafika, hesabu ni ya ndoo.

Na ndoo moja ya lita 20 inatosha kuosha vyombo vya jioni, ikigawanywa. Makombo na ukoko vikwanguliwe kwanza, kuku wapewe. Beseni la kwanza liwe na maji ya sabuni, la pili maji ya kusuuzia, na kiasi kidogo cha maji safi kibaki cha kumwagia mara ya mwisho. Vianze vyombo vya mtoto, vifuate vikombe, kisha sahani, na sufuria za dagaa na nyama ziwe mwisho. Kwa mazoea, wengi huanza na sufuria kwa sababu ndiyo inayoudhi, na bakuli la mtoto linaingia kwenye maji yaliyokwisha kuwa mchuzi. Mpangilio huo peke yake, usiogharimu hata shilingi, una thamani kuliko sabuni ya bei.

Dodoki na stili waya navyo vianikwe. Kitambaa kimoja kinachofuta meza, mikono na sahani, kikashinda kimekunjwa kikiwa kibichi, husambaza vimelea vingi kuliko kinavyoondoa. Kwenye kichanja hakihitajiki kabisa. Jua na upepo vinakausha bila kugusa.

Bakuli la uji

Miezi sita hadi miaka miwili ndiyo kipindi ambacho mtoto huharisha zaidi, na si bahati mbaya kwamba ndipo anapoanza kula kwenye vyombo vya nyumba. Shirika la Afya Duniani, katika Kanuni Tano za Chakula Salama ilizozitoa mwaka 2001, linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Uji wa asubuhi uliobaki kwenye bakuli ukasubiri adhuhuri umeshapita muda huo mara mbili.

Mtoto awe na bakuli, kikombe na kijiko chake, vyenye mahali pake kwenye kichanja. Plastiki iliyojaa mikwaruzo ibadilishwe, uchafu hukaa ndani ya mikwaruzo hiyo. Chupa ya kunyonyea, yenye shingo nyembamba na chuchu ya mpira, ni ngumu mno kusafisha katika jiko lisilo na maji ya bomba. Wataalamu wa lishe ya watoto hushauri kikombe wazi badala yake.

Mtoto akianza kuharisha, apewe ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, kidogo kidogo na mara kwa mara, huku akiendelea kunyonya na kula. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi sita na kuendelea, na 10 kwa aliye chini ya hapo. Macho yakiingia ndani, akilegea, akishindwa kunywa au kinyesi kikiwa na damu, asisubiriwe hadi asubuhi. Apelekwe kituo cha afya. Mwanzoni mwa 2024, Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoripoti wagonjwa wa kipindupindu, ugonjwa unaoweza kummaliza maji mtu mzima ndani ya saa chache.

Kichanja cha mkaguzi

Itakuwa si haki kuwaambia wazazi kwamba nguzo nne zitamaliza kuhara nyumbani. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya tafiti kubwa zilizofanyika Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, ambamo maelfu ya kaya zilipewa vyoo bora, vifaa vya kunawia mikono na dawa ya maji. Bangladesh kuhara kulipungua. Magharibi mwa Kenya, ng'ambo ya ziwa hilihili, na Zimbabwe hakukupungua. Kichanja hakikuwa sehemu ya vipimo hivyo, lakini funzo linakihusu: mtoto anapata vimelea kupitia njia nyingi, mikono, udongo, kuku, maji na chakula, na kuziba moja huku nyingine ziko wazi huleta faida ndogo.

Kichanja kinaziba njia moja. Ni ya bei nafuu, na inaziba kila siku ikiwa kinatumika.

Neno hilo la mwisho ndilo lenye utata. Tangu enzi za Mtu ni Afya mwaka 1973, wananchi walipokusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio, hadi kampeni ya Nyumba ni Choo ya miaka ya karibuni, usafi wa kaya umekuwa ukikaguliwa. Ofisa afya akipita huangalia choo, sehemu ya kunawia, shimo la taka na kichanja. Baadhi ya kaya zimejifunza kujenga kichanja cha kumridhisha yeye: fito nyembamba, zimefungwa haraka, mbali na jiko, na juu yake hakuna kitu. Akiondoka, zinakuwa kuni. Mkaguzi anayehesabu vichanja bila kuangalia kama viko majimaji chini anahesabu miti tu.

Halafu kuna suala la nani ajenge. Katika kaya nyingi kuosha ni kazi ya mama na mabinti, lakini kukata nguzo, kuchimba mashimo na kununua misumari ni kazi ya baba, na baba hali ya kuwa hana anachokipata moja kwa moja hulisogeza hadi baada ya pamba kuuzwa. Pamba ikiuzwa yana mengine. Kwa sasa binti anaosha vyombo akiwa amechuchumaa gizani, baada ya kila mtu kula, kisha anavirundika konani kwa sababu hakuna pengine. Mzee wa kaya anayekijenga kwa Jumamosi moja anampunguzia binti huyo kazi kuliko anavyodhani, na mvulana wa miaka kumi na miwili anaweza kufundishwa kuvipanga vyombo juu yake bila kupungukiwa na chochote.

Nguzo ziwe ngumu, na sehemu itakayozikwa ichomwe moto kidogo hadi ngozi yake iwe mkaa, au mchwa watazimaliza kabla ya msimu wa pili.

Kwa wapangaji wa chumba na sebule mjini Bariadi au Lamadi, ambako uwanja ni wa wote na mwenye nyumba hataki mashimo, kuchimbia nguzo haiwezekani. Mafundi wa kuchomelea hutengeneza kichanja cha nondo chenye miguu minne na ngazi mbili, chembamba kiasi cha kupita mlangoni. Asubuhi hutolewa barazani, ngazi ya juu ikibeba vyombo na ya chini mabeseni yaliyofudikizwa, jioni huingizwa kikasimama ukutani kama kabati. Kipakwe rangi mapema, kutu isifike kwenye vikombe. Akihama, mpangaji anaondoka nacho.